Watu elfu tano, boza moja: namna ya kuwaandaa mafundi wa maji na maafisa afya kwa siku ya maafa

Fundi wa maji wa wilaya zetu anaijua kazi yake. Anajua kulaza bomba, kufunga pampu, kuufuatilia uvujaji mpaka aupate, na kukaa na kamati ya maji iliyoshindwa bili ya umeme hadi wakaelewana. Lakini masomo yake yote yalimwandaa kujenga kitu cha miaka ishirini: upimaji, usanifu, zabuni, ujenzi, makabidhiano. Maafa yanamtaka atoe maji leo kabla jua halijazama, kwa vifaa vilivyopo ghalani, kwa watu ambao jana hawakuwepo pale. Mafunzo ninayoyaeleza hapa yana shabaha moja: kumzoesha fundi na afisa afya kuamua haraka huku kila kitu kikiwa pungufu. Mengine mengi anayajua tayari.

Naandika kutoka Kigoma, mkoa uliopokea wakimbizi kizazi baada ya kizazi. Mei 2015 zaidi ya watu 50,000 kutoka Burundi walijikusanya Kagunga, kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika, kisichofikika kwa gari. Walikunywa maji ya ziwa na kujisaidia kando ya ziwa hilohilo. Kipindupindu kikaingia. Watu wakasafirishwa kwa MV Liemba hadi mjini Kigoma, wakapitia Uwanja wa Lake Tanganyika, ndipo wakapelekwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Mafunzo yangu yote huyafungua kwa swali la Kagunga: wewe na wenzako saba mmeshuka kwenye boti na mzigo wa tani moja, mnaanza na nini? Darasa zima hujibu, "Maji na vyoo." Sawa. Nani kati ya wanane hao anashika koleo, nani anashika pampu, na tani hiyo moja imebeba nini? Hapo kimya kinatanda, na mafunzo yanakuwa yameanza.

Wa kuwaita

Watu ishirini na wanne wanatosha. Wakizidi hapo, nusu watakuwa watazamaji. Wizara na mashirika huwa wanaleta wahandisi watupu. Kataa. Chukua mafundi wa RUWASA, wakala wa maji vijijini, na wa mamlaka ya maji ya mji, maafisa afya wa kata, maafisa maendeleo ya jamii, na vijana wa Msalaba Mwekundu. Halafu, na hapa usikubali kubishiwa, mwite dereva wa boza na mtunza ghala. Dereva ndiye anayejua daraja gani halibebi lori lenye maji na saa ngapi ukungu unafunga barabara ya mlimani. Mtunza ghala ndiye anayejua kwamba mpira wa kufyonzea wa inchi tatu haulingani na mdomo wa pampu iliyoletwa mwaka jana. Hata mhandisi awe na shahada ngapi, hayo hawezi kuyasoma popote.

Hakikisha theluthi moja, kwa uchache, ni wanawake. Ukiona wanawake walioletwa wote ni wa kuandika mahudhurio na kusimamia chakula, rudisha orodha kwa mkurugenzi uombe nyingine.

Mahali na majira

Usifanyie hotelini. Tafuta shule iliyofungwa, karibu na mto wenye maji machafu kwelikweli, msimu wa mvua. Sisi huku tunao Luiche, ambao mvua za Novemba zikishika maji yake yanageuka rangi ya chai ya maziwa. Maji ya namna hiyo ndiyo mwalimu. Anayefundishwa kutibu maji kwa maji ya bombani atashangaa siku ya mafuriko dawa ikimezwa yote na bado kipimo kinasoma sifuri.

Shule nayo ina sababu yake. Maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yalipoipiga Katesh tarehe 3 Desemba 2023, waliopoteza nyumba walihifadhiwa kwenye majengo ya shule. Karibu kila mafuriko nchini huishia hivyo. Basi washiriki walale madarasani, wapange foleni ya bomba moja, watumie vyoo vya wanafunzi usiku na tochi. Usiwaeleze kwa nini.

Hesabu za kichwani

Asubuhi ya kwanza nzima ni hesabu, bila kikokotoo. Viwango vyenyewe vya chini vya misaada ya dharura vinajulikana duniani kama viwango vya Sphere: lita 15 kwa mtu kwa siku, watu wasiozidi 250 kwa bomba moja la kuchotea, watu 500 kwa pampu moja ya mkono, umbali usiozidi mita 500 kutoka kaya hadi maji, na foleni isiyozidi nusu saa. Kuvikariri ni kazi ya jioni moja. Mafunzo ni kuvigeuza kuwa maamuzi.

Chukua watu 5,000. Wakipata lita 15 kila mmoja, ni lita 75,000 kwa siku. Mabomba ni 20. Bomba moja likitoa lita 7.5 kwa dakika, yote kwa pamoja yanatoa lita 9,000 kwa saa, kwa hiyo yatafanya kazi zaidi ya saa nane ndipo kila mtu apate haki yake. Sasa mgeukie dereva: "Kaka, boza lako lita ngapi?" Elfu kumi. "Kulijaza?" Dakika ishirini kwa pampu nzuri. "Njiani?" Kwenda dakika arobaini, kurudi nusu saa, kumwaga nusu saa. Safari moja ni saa mbili kamili. Kwa saa kumi na mbili za mchana anafanya safari sita, lita 60,000, yaani lita 12 kwa mtu. Haijafika 15, ila watu watapika na watanawa. Mwambie fundi aseme kwa sauti: tunaanza na hizo 12 leo, au tunasubiri boza la pili kutoka mkoani? Anayesema tusubiri, mpe nafasi ajitetee. Kisha mwulize watu 5,000 watakunywa nini usiku wa leo. Watakunywa mto.

Fundi akishaona kwamba maji mengi yenye usalama wa kutosha yanaokoa watu wengi kuliko maji machache yaliyo safi kabisa, amevuka mto mkubwa. Kuhara hakuletwi na maji ya kunywa peke yake. Kunaletwa pia na mikono isiyonawiwa, na vyombo visivyooshwa kwa sababu maji hayakutosha.

Siku ya klorini

Hii ndiyo siku ndefu kuliko zote, wala siipunguzi hata nusu saa. Nimeona watu wenye vyeti vizuri wakimimina unga wa klorini kwenye tanki kwa kukadiria kwa jicho. Ukizidisha, watu wanayakataa maji na kurudi mtoni. Ukipunguza, umewapa maji ya mtoni yenye sura ya bomba.

Anza na tope. Kila kundi la watu wanne lichote maji ya mto na kuyapima kwa mrija wa kupimia tope. Klorini inafanya kazi vizuri tope likiwa chini ya NTU 5 (NTU ni kizio cha kupimia tope). Kwenye dharura tunavumilia hadi 20 kwa muda mfupi. Luiche ya Novemba inapita hapo mbali, kwa hiyo shabu kwanza, ya kutuamisha tope. Yeyusha gramu 10 za shabu kwenye lita moja ya maji. Panga ndoo nne za lita 20, tia mililita 60, 100, 140 na 180. Koroga kwa nguvu dakika moja, kisha taratibu dakika kumi, uache yatuame saa moja. Chagua ndoo yenye shabu kidogo kuliko zote kati ya zile zilizotakata. Kuzidisha hapo ni kupoteza shabu na kuyafanya maji yawe makali.

Kisha klorini yenyewe. Unga wa klorini uitwao HTH una klorini hai kiasi cha asilimia 65 hadi 70. Gramu 15, kama kijiko kimoja cha mezani kilichosawazishwa, ndani ya lita moja ya maji hutoa mchanganyiko wa asilimia 1. Unga ndio unaotiwa kwenye maji, kamwe usimwage maji juu ya unga. Glavu, miwani, barakoa, na upepo uwe mgongoni. Mchanganyiko huo utengenezwe upya kila siku na ukae kivulini, maana unaisha nguvu.

Chukua tena ndoo nne za maji yaliyotakata. Kwa bomba la sindano tia mililita 1, 2, 4 na 6 za mchanganyiko wa asilimia 1. Hizo ni sawa na miligramu 0.5, 1, 2 na 3 za klorini kwa lita. Koroga, funika, subiri dakika thelathini. Usiruhusu mtu apime kwenye dakika ya kumi na tano kwa sababu chai imeletwa. Baada ya hapo kila ndoo ipimwe klorini iliyobaki, kwa miligramu kwa lita, kwa kidonge cha kupimia kiitwacho DPD, na rangi ya waridi isomwe kivulini, si juani. Tuseme ndoo mbili za kwanza zinasoma sifuri, ya tatu 0.5, ya nne 1.4. Ya tatu ndiyo yetu: mililita 4 kwa lita 20. Kwa tanki la lita 10,000 ni lita 2 za mchanganyiko. Kila mshiriki aifanye hesabu hiyo mwenyewe, kwa mkono, mara tatu, na mara ya tatu umpe tanki lililojaa nusu.

Wengi huishia bombani: kipimo kimesoma 0.5, wakaandika na kufunga daftari. Mimi nawatuma waifuate ndoo mpaka nyumbani. Tunaomba kaya za jirani, tunaweka maji ya bomba letu kwenye madumu yao wanayoyatumia kila siku, tunarudi jioni na asubuhi kupima. Dumu lenye utando ndani linaimaliza klorini yote kabla ya usiku. Lengo ni kubaki na angalau 0.2 kwenye kikombe anachonyweshwa mtoto. Ikiwa kikombe kinasoma sifuri, mambo ni mawili: kuongeza dozi kidogo kwenye tanki, na kuandaa siku ya kuosha madumu. Kuosha madumu ni kazi rahisi inayosahaulika kuliko zote.

Alasiri hiyohiyo fundisheni michanganyiko ya zahanati ya kipindupindu: asilimia 0.05 ya kunawa mikono, 0.2 ya sakafu na vyombo, 2 ya matapishi, kinyesi na maiti. Kwa ndoo ya lita 20 ni gramu 15, 60 na 600 za HTH. Kila ndoo iwe na rangi yake na alama kubwa iliyochorwa, mkono, ufagio, fuvu, kwa kuwa usiku, kwenye hofu, hata anayejua kusoma hasomi. Unga wenyewe usikae karibu na dizeli wala mafuta yoyote, unaweza kulipuka moto. Na usichanganye aina mbili za klorini kwenye chombo kimoja.

Mwisho wa siku, fundisha uvumi. Kila mahali tulipoweka dawa kwenye maji amejitokeza mtu wa kusema ni dawa ya kufunga uzazi. Mshiriki asimame mbele ya wenzake, aulizwe hivyo kwa ukali, na ajibu bila kukasirika wala kumdharau aliyeuliza. Jibu zuri nililowahi kusikia lilikuwa la afisa afya mmoja wa Uvinza. Alijichotea kikombe, akanywa, akampa mwanawe wa kike akanywa, kisha akasema, "Haya mama, sasa niulize chochote."

Vyoo, na kusikiliza

Hesabu hapa ni ya haraka. Mwanzoni choo kimoja kwa watu 50, baadaye kimoja kwa 20. Watu 5,000 wanataka vyoo 100 ndani ya siku za mwanzo, na vitatu vya wanawake kwa kila kimoja cha wanaume, yaani 75 na 25. Visizidi mita 50 kutoka wanapolala, visikaribie kisima chini ya mita 30, na chini ya shimo ibaki mita 1.5 kabla ya kufikia maji ya ardhini. Wakabidhi majembe wachimbe. Ardhi ya Kigoma mjini inachimbika, mchanga wa ufukweni unaporomoka na maji yanatokea mapema, mwamba hauchimbiki kabisa. Goma, Julai 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walikaa juu ya miamba ya volkano ambako vyoo vilishindikana kuchimbwa, na hata makaburi. Karibu watu 50,000 walikufa mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Kwa hiyo kila kundi lije na mpango wa pili: choo cha kuinuliwa juu ya tuta, mapipa ya kuzoa, au handaki fupi linalofukiwa kila jioni.

Lakini choo kilichochimbwa sawasawa kinaweza kukaa bila mtu. Ndiyo maana siku hii nawaalika akina mama wa kijiji, wazee kwa wasichana, na nawalipa posho sawa na ya mtaalamu mwalikwa. Mshiriki anamchukua mmoja, wanatembea uwanjani, na kazi yake ni kuuliza na kunyamaza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, tukiweka vyoo vya akina mama pale chini ya mwembe, mtavitumia?"

"Mchana, ndiyo."

"Na usiku?"

"Usiku pale wanakaa vijana wa bodaboda. Nitamtuma binti yangu apite mbele yao na kopo mkononi?"

Mshiriki aliyechora ramani nzuri akiwa na mwembe katikati anaifuta. Mama mwingine atakuuliza komeo liko upande gani. Mwingine atauliza vitambaa vya hedhi vitafuliwa wapi na kuanikwa wapi pasipo macho ya watu. Bibi mwenye magoti mabovu ataomba mti wa kushikilia. Kila jambo lililosemwa liandikwe, na kila moja liwe na mtu wa kulitekeleza kabla ya jioni: komeo ni msumari na ubao, mti wa bibi ni nguzo moja. Usikubali jibu la "tutalizingatia".

Wafundishe pia kwamba choo kina mlezi. Asipojulikana anayekifagia na anayelipwa kwa kazi hiyo, siku ya tatu kitakuwa kimetelekezwa.

Zoezi la usiku

Siku mbili za mwisho hakuna somo. Saa nane mchana unawapa karatasi moja: mto umevunja kingo, watu 5,000 wako kwenye uwanja huu, una boza moja, matanki mawili ya lita 10,000, pampu moja, mabomba, mifuko ya saruji, magogo. Ukae pembeni na saa yako. Pima jambo moja kuliko yote: ndoo ya kwanza ya maji salama imejaa saa ngapi? Kundi lenye kiongozi mzuri linatoa maji kabla ya giza, hata kama matanki yamekaa juu ya viroba vya mchanga badala ya msingi wa saruji. Kundi lenye wahandisi watatu wanaobishana huwa bado linachora.

Saa tatu usiku mtume mtu na habari mpya: wamefika wengine 2,000. Lita 60,000 sasa zinagawanywa kwa watu 7,000, ni lita nane na nusu kwa mtu. Bado iko juu ya 7.5, ile ambayo hatutaki kushuka chini yake. Je, wagawe sawa, au wawatangulize zahanati na wenye watoto wachanga? Na boza likisafiri usiku? Dereva atasema: siendi, daraja silioni. Hapo tazama kama wanamsikiliza.

Alfajiri leta ya pili: zahanati ina wagonjwa sita wa kuhara maji kama ya kuoshea mchele, dalili ya kipindupindu. Mpango wote unageuka. Klorini inahitajika sehemu nne kwa wakati mmoja, mahali pa kunawia mikono panahitajika kila mlango wa choo, na mtu wa kupita hema kwa hema anahitajika kuliko mtu wa kuchimba. Acha wapange upya wenyewe. Usiwaokoe. Wakikosea dozi ya zahanati, ndipo pekee unaingia, kwa kuwa klorini ile ni ya kweli na itawaunguza.

Baadaye kaeni mduara, kila mmoja aseme uamuzi aliofanya na alichokuwa hajui alipoufanya. Mtunza ghala azungumze wa kwanza, mkubwa wa cheo awe wa mwisho. Ukianza na mkubwa, wengine wote watakubaliana naye.

Wakishaondoka

Kabla ya kutoa vyeti, nenda na kundi zima kwenye ghala la wilaya mfungue kila sanduku. HTH inaisha nguvu, vidonge vya DPD vinaisha muda, mipira inapasuka mikunjoni, pampu isiyowashwa miezi sita inagoma siku inayotakiwa. Andikeni tarehe ya kila kitu kwa rangi kubwa ubavuni mwa sanduku. Washeni pampu pale pale. Bandikeni mlangoni majina na simu za washiriki wote ishirini na wanne, dereva akiwa wa kwanza, na mkubaliane ufunguo wa pili wa ghala utakaa kwa nani na uko nyumba gani, maana mvua kubwa hupenda kunyesha Jumamosi usiku. Baada ya miezi sita piga simu moja bila taarifa, Jumapili asubuhi, uulize ghala linafunguliwa baada ya dakika ngapi.